Ngoma Isiyoandikwa Mkatabani

Mkanda wa filamu hujulikana kwa mdomo. Ukitaka kujua upande upi una picha na upi ni mtupu, uguse kwa mdomo wa chini ukiwa na unyevu kidogo. Upande utakaonata ndio wenye picha, na huo ndio unaokwanguliwa kwa wembe kabla ya kuunga. Ukikwangua upande mwingine umejisumbua bure, gundi haishiki. Najua nyinyi mnaopiga picha za harusi kwa simu pale Ukunda, mkazituma kabla biharusi hajashuka garini, hamtaufanya mtihani huo hata siku moja. Nawaambia ili mjue tu kwamba kazi yenu ina bibi yake, na bibi mwenyewe bado anatafuna muwa kwa meno yake.

Ilipofika Ramadhani ya kwanza nikiwa kazini, Mjomba wangu Rashidi aliingiwa na wasiwasi: je, mdomo ule haufunguzi saumu yangu? Akaenda kumwuliza mwalimu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani. Mwalimu akauliza, "Anaumeza?" Mjomba akasema, "Haumezi, anaugusa tu." Mwalimu akasema, "Basi Rashidi, kilichokuleta hapa ni nini?" Mjomba alirudi amenuna. Mimi nilicheka mpaka nikaona kiu.

Naitwa Mwanakombo, wa hapa hapa Msambweni. Kabla ya filamu nilikuwa mshonaji. Nilikuwa na cherehani ya marehemu mama na wateja wangu wa kanzu na magauni. Mjomba Rashidi alikuwa dereva wa gari la sinema la serikali. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini akionyesha picha za watu wanaonawa mikono na watu wanaochimba vyoo. Miaka ile ya hamsini alichoka kuonyesha mikono ya watu wengine ikinawa. Akaacha kazi, akanunua kamera kuukuu kwa Mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akirejea kwao, akasema atatengeneza picha zake mwenyewe, za watu wa huku, bila bwana juu yake. Ndugu zake walimwona kichaa. Mama yake alimwombea dua kila Ijumaa, na kwa sauti ili asikie.

Alinichukua kazini kwa sababu ya pindo. Alinikuta nikikunja pindo la kanzu, akalitazama muda mrefu, akasema, "Mkono huu unatosha." Akaniletea mkasi mdogo, wembe, na chupa ya gundi yenye harufu ya kuumiza kichwa. Akanifundisha: kata, gusa, kwangua, paka gundi haraka, bana, hesabu mpaka kumi, usizungumze na mtu. Hapo penye kutozungumza ndipo pagumu kuliko pote, ukiwa na jirani kama wangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mbuzi wa Mackinnon Road. Mjomba alikwenda huko bara kupiga picha za wafugaji, akarudi na mbuzi wazuri sana. Mimi nikaunga kipande kichwa chini. Siku ya kuonyesha, mbuzi wote wakatokea wanatembea kinyumenyume juu ya mbingu, na wachungaji wao wananing'inia kama popo. Picha zetu hazikuwa na sauti. Mjomba ndiye aliyekuwa msemaji, akisimama kando ya shuka la kuonyeshea na kipaza sauti akiwaeleza watu wanachokiona. Hakusita hata kidogo. Akasema, "Na hawa ni mbuzi wa huko bara, mahali penye ukame mkubwa, hutafuta majani popote." Watu wakapiga makofi. Hakunigombeza mbele za watu, wala nyumbani. Alinionyesha tu alama ya kuchora kwa penseli kwenye kichwa cha kila kipande, na tangu siku hiyo sikukosea tena. Mungu amrehemu. Nimewahi kufanya kazi na watu wengi baadaye, sikumpata mwingine wa kunifundisha namna ile.

Sasa nije kwenye mkataba, maana ndilo jambo lililonifanya nikalie kiti hiki leo.

Mjomba alitaka kutengeneza picha moja ndefu ya harusi ya Msambweni, kuanzia posa mpaka fungate. Mwanamisi, rafiki yangu tangu chuoni, alikuwa akiolewa na Hamisi, fundi seremala, na nyumba zote mbili zilikubali. Mambo ya wanaume Mjomba aliyapiga mwenyewe: nikaha, sufuria za pilau, maandamano ya bwana harusi. Ikabaki ngoma ya wanawake, ile ya uani, biharusi akiwa katikati ya shoga zake, kanga zimefungwa viunoni, nywele wazi. Hapo mwanamume hafiki. Mjomba akanipa kamera. Akanifundisha kuijaza kwa ufunguo wake, kama saa ya mezani, na kuishika bila kupumua.

Mama yake biharusi, Bi Nimtatu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alinisimamisha mlangoni mwa ua.

"Mwanakombo, picha hiyo ni ya nani?"

"Ni ya wanawake, Mama. Wanaume hawataiona."

"Na huko ng'ambo itakakosafishwa?"

Nikamjibu nilivyoambiwa na Mjomba, kwamba husafishwa na mashine, gizani. Akafikiri. Alikuwa na dada yake Vanga, mgonjwa, asiyeweza kusafiri, na alitamani sana aione harusi ya mpwa wake. Akasema, "Haya. Niapie." Nikaapa mbele ya wanawake wote waliokuwamo uani, tisa na biharusi wa kumi, kwamba ngoma ile haitaonwa na macho ya mwanamume. Kisha nikaingia, nikapiga.

Mkanda uliporudi, ngoma ilikaa katika kopo lake dogo, mbali na picha nyingine. Mjomba alilijua kopo lile na alilipita kwa heshima. Alikuwa na mazungumzo na Bwana Pinto wa Mombasa, Mgoa mwenye gari la sinema lililozunguka kutoka Vanga mpaka Mackinnon Road. Sisi tutoe picha, yeye aisambaze. Mjomba akavuka feri kwenda kutia sahihi.

Ni lazima mjue kitu kimoja kuhusu Mjomba. Zamani alipata kumpa mtu picha yake ya wavuvi wa Vanga aionyeshe, ikarudi imepungua nusu. Vipande vilivyomchosha yule mtu alivikata akavitupa. Na mikanda yetu haikuwa na nakala. Uliorudi kutoka kusafishwa ndio huo huo mmoja, ukipotea umepotea. Kwa hiyo safari hii alikaa ofisini kwa Bwana Pinto asubuhi nzima, akakataa chai, akashikilia sharti moja: mkanda usikatwe na mtu yeyote, si mwenye picha wala msambazaji. Atakayekata amevunja mkataba, na mkanda utakuwa wa mwenzake. Bwana Pinto akachoka, akakubali. Mjomba alirudi ameinua kifua. Ngoma ya wanawake hakuitaja, kwani aitaje kwa nini? Kwetu ingekuwa kama kuandika mkatabani kwamba watu waje wamevaa nguo.

Na mimi huku nyuma nilikuwa nimefanya langu. Wanawake walitaka kuiona harusi nzima, na ngoma ikiwa mahali pake. Nikaifungua ile filamu katikati, nikaiunga ngoma ndani, nikawaonyesha alasiri moja nyumbani kwa Bi Nimtatu, madirisha yamefungwa kwa mikeka. Walilia, wakacheka, wakataka tena. Nia yangu ilikuwa kuitoa kesho yake. Kesho yake, kabla hata ya uji, habari ikaja kutoka Vanga kwamba yule dada mgonjwa amefariki. Wanawake wote tukaondoka kwenda matangani, na mimi pamoja nao. Maskini hakuiona.

Tukiwa Vanga, gari la Bwana Pinto likapita Msambweni kuchukua picha. Mjomba akatazama rafu, akaliona kopo kubwa, akaliona na lile dogo limekaa mahali pake. Akatoa kubwa. Lile dogo lilikuwa tupu, na angelifungua angejua. Lakini mwanamume mwenye haya hafungui kopo la ngoma ya wanawake. Hapo ndipo tulipoangukia, wanangu. Mkataba ule ulitiwa sahihi na mtu ambaye adabu yake ilimkataza kutazama alichokuwa akikitoa.

Niliporudi na kulinyanyua kopo dogo, nikasikia jinsi lilivyokuwa jepesi. Nikakaa chini na baibui langu.

Nilimwambia Mjomba siku ile ile. Hakunipiga wala hakupandisha sauti. Akavaa kofia yake, akasema, "Twende."

Bwana Pinto alitupokea kwa furaha. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye suti nyeupe na kofia ya rangi ya majivu aliyoiweka mezani kwa uangalifu. "Bwana Rashidi, picha yako nzuri sana! Nimeitazama mara mbili. Ile ngoma ya katikati ndiyo picha yenyewe. Nani aliyeipiga? Mkono wake hautetemeki."

Wanangu, ile ndiyo sifa ya kwanza niliyopewa na mgeni kwa kazi yangu, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mjomba aliinamisha kichwa. Mtu mwingine alikuwa amekwisha kuona alichokuwa yeye mwenyewe hajathubutu kukiona.

"Bwana Pinto," Mjomba akasema, "naomba mkanda urudi kwa siku mbili tu. Kuna kipande cha kutoa."

Bwana Pinto akaacha kutabasamu. Akatoa karatasi kwenye mtoto wa meza. "Sharti hili nani alilitaka? Mimi? Ulikaa kwenye kiti hicho hicho, ukakataa chai yangu. Sasa mwezi haujaisha unataka kukata?"

"Ni ngoma ya wanawake."

"Nimeona kuwa ni ya wanawake."

"Haitazamwi na wanaume."

"Imeandikwa wapi?"

Nikasema mimi, "Haikuandikwa, Bwana. Kosa ni langu."

Hakuwa mtu mbaya, na nataka mlisikie hilo mapema. Kumbe mwaka mmoja kabla yetu mtengeneza picha mwingine alimwomba mkanda "wa kurekebisha kidogo", akaupeleka kwa msambazaji mwingine. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na siku ile waliketi mezani watu wawili waliokwisha kutafunwa, kila mmoja na nyoka wake. Bwana Pinto akasema onyesho la kwanza ni Msambweni, Jumamosi ya wiki ijayo, halafu Mackinnon Road kwa watu wa reli na malori. Picha itaonyeshwa nzima kama ilivyoandikwa. Tukigusa mkanda kwa mkasi, tumempa. Ndiyo kusema akiba ya Mjomba ya miaka mitatu, iliyoingia yote katika picha ile.

Kwenye feri ya kurudi Likoni nilimwuliza Mjomba kwa nini hakumweleza zaidi. Akasema, "Nimweleze nini? Mambo haya hayaelezwi, mtu huzaliwa nayo. Na yeye hakuzaliwa huku. Si kosa lake."

Nilikwenda kwa Bi Nimtatu peke yangu. Mwanamisi alikuwapo, amekuja kumtazama mama yake. Niliwaambia yote. Nilitegemea kelele, na ningeshukuru kama zingekuja. Bi Nimtatu alizungumza taratibu, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia hivyo.

"Mwanakombo, kamera haikuingia uani kwetu. Wewe ndiye uliyeingia."

Mwanamisi aliniuliza tu, "Utafanyaje?" Alikuwa na miezi minne tangu aolewe. Wiki ijayo mume wake, baba mkwe wake na mji mzima wangeketi mkekani wamtazame akicheza nywele wazi. Kisha watu wa malori asiowajua wangemtazama tena. Nilirudi nyumbani nikalala na majuto yangu, na majuto, kama mjuavyo, ni mjukuu.

Jumamosi ilifika. Uwanja ulijaa mara baada ya sala ya magharibi. Wanaume walikaa mbele kwenye mikeka, wanawake nyuma upande wa kushoto, shuka jeupe limefungwa baina ya minazi miwili. Bwana Pinto alikuja mwenyewe na fundi wake wa mashine. Alikuwa mwangalifu, alisimama karibu na mashine, na macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu.

Mjomba alipokuwa akijiandaa kusema, nilimwendea. "Mjomba, nipe kipaza sauti."

"Useme nini?"

"Kweli."

Alinitazama. Siku zile mwanamke hakusimama mbele ya wanaume wa mji akasema. Hata leo wengine hawapendi. Akanipa, na mpaka leo sijui ingekuwaje kama angeninyima.

Nilisema hivi, nakumbuka kila neno kwa sababu nilikuwa nimelikariri kutwa: "Assalaam alaykum. Shikamooni, wazee wangu. Mimi ni Mwanakombo, mshonaji. Ndani ya picha hii mna ngoma ya wanawake wa nyumba ya Bi Nimtatu. Niliipiga mimi, kwa kiapo kwamba mwanamume hataiona. Kosa la kuitia humu ni langu, si la Mjomba wala la Bwana Pinto. Mkataba unasema mkanda usikatwe, na hautakatwa. Macho ya mtu ni yake, sina amri nayo. Itakapofika nitasema imefika. Ikiisha nitasema imekwisha." Sauti ilinitetemeka kama ya mbuzi, na mara hii mbuzi aliyesimama kwa miguu yake.

Picha ikaanza. Posa, wazee, mahari, watu wakajitambua na kuchekana. Nikahesabu viungo vyangu vinavyopita. Kila kiungo hulia kidogo kinapopita kwenye mashine, na mwenye kukiunga hukijua. Kilipolia kile cha ngoma nikasema, "Imefika."

Mtu wa kwanza alikuwa Hamisi, bwana harusi. Alikuwa mkeka wa mbele kabisa. Alisimama, akakung'uta mchanga kwenye kikoi, akageuka, akakaa tena akilipa shuka kisogo. Baba yake akamfuata. Kisha nikasikia sauti ya mzee mmoja ikisema, "Geukeni, jamani. Geukeni." Mikeka ikalia uwanja mzima. Walikuwapo vijana wawili watatu waliogeuzwa kwa kushikwa masikio, sitaki kuwadanganya. Lakini waligeuka. Mpaka fundi wa Bwana Pinto, mtu wa Rabai, aliiacha mashine akageuka, nami nikarukia kuishika isije ikatafuna mkanda.

Kwa hiyo niliwaona. Mimi nilikuwa nyuma ya mashine, na mwanga wa ngoma uliwapiga migongoni huku nyuso zao zikinitazama, wanaume wa Msambweni wote, wazee kwa vijana, macho chini. Nyuma yao shoga zangu wakicheza. Upande wa wanawake vigelegele vikapaa. Sijaona kitu kizuri kuliko hicho kwenye sinema yoyote, na nimeona sinema nyingi.

Bwana Pinto alikuwa ameduwaa. "Bwana Rashidi, wanafanya nini?"

Mjomba, naye amegeuka, akamjibu, "Wanatia sahihi, Bwana."

Bwana Pinto akavua kofia yake, akaishika kifuani, akageuka na yeye.

Asubuhi alikuja nyumbani kwetu na ile karatasi. Safari hii Mjomba ndiye aliyemkaribisha chai, na Bwana Pinto akaipokea. Alikuwa hajalala vizuri, alisema. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe chini ya masharti: kipande cha ngoma kitolewe na Mwanakombo, kiwe amana mikononi mwake, na kisionyeshwe ila kwa wanawake. Kilichobaki kisikatwe milele. Wakatia sahihi wote wawili, na mimi nikatakiwa nitie yangu. Kisha akashika kalamu tena, akasema, "Sasa niambieni na mengine yote ambayo kila mtu anayajua." Mjomba akacheka mpaka akajifuta machozi. Walikaa mpaka adhuhuri wakiandika: picha isionyeshwe wakati wa sala, isionyeshwe jirani na nyumba yenye msiba, aliyefariki asionyeshwe kabla ya kuomba idhini kwa watu wake. Ukurasa ukajaa, wakageuza wa pili.

Niliikata ngoma mbele yake, nikaunga palipobaki. Alitazama kiungo, akakipitisha kidoleni. Mwezi uliofuata alinitumia kutoka Mombasa chombo cha chuma cha kubania mkanda, kizito, chenye meno, na makopo manane ya filamu zilizoraruka. Nilizishona. Akaleta nyingine. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha, ikanisomeshea watoto, mpaka sinema zenyewe zilipokufa. Bwana Pinto alipohama nchi aliniachia mashine yake moja ya kuonyeshea, akasema haijui kufanya kazi na mtu mwingine. Nawashukuru wote wawili, yeye na Mjomba. Nawashukuru hata wale wazee waliogeuka, ambao wengi wao sikuwajua majina, na sasa wamelala Msambweni kwenye mchanga.

Watu huniuliza siri ya kazi. Siri ipi? Penye joto la huku usiache kopo wazi. Tia kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu, hunyonya unyevu. Mkanda ukianza kunuka siki, utenge na wenzake. Na ukiingia uani kwa watu na kamera yako, au simu yako, uliza ni ya nani kabla hujauliza mwanga uko wapi. Ukishaambiwa, kiandike, hata kama ni kitu anachokijua kila mtu. Ahadi ni deni, na mwenye kuandikiana na mgeni huwa anaandika hata yale asiyokuwa akiyaandika nyumbani.

Sasa la mwisho.

Mwanamisi aliishi na Hamisi maisha marefu. Alipougua, nilikuwa nikimtembelea, na siku moja alinishika mkono akaniambia, "Nikishaondoka, Hamisi akija kukuomba, mpe. Langu mimi tu. La wenzangu si langu kulitoa." Sikumwelewa vizuri, nikadhani ni homa.

Arobaini ilipopita, Hamisi alibisha hodi kwangu. Alikuwa ametembea kwa mkongojo kutoka kwake. Alikaa barazani muda mrefu akizungumza habari za mvua na bei ya mbao. Kisha akasema, "Dada Mwanakombo, sina picha yake ya ujana. Hata moja. Nilimgeuzia kisogo ile siku, na sijuti. Lakini sasa natamani."

Nikalitoa kopo dogo. Ngoma ile nilikuwa sijaigusa kwa mkasi tangu siku ya Bwana Pinto. Nikaipitisha mbele ya taa, kipande kwa kipande, na ndani yake, baina ya wenzake kumzunguka na wenzake kumrudia, nikapata mahali Mwanamisi yuko peke yake. Anazunguka, anainua uso kuitazama kamera, anacheka, anajiziba kwa kiganja. Ni kifupi, hakizidi pumzi moja. Nikakata hapo tu. Mtu hawezi kutazama kitu kifupi namna hiyo akashiba, kwa hiyo nikakwangua ncha zote mbili, nikaunga mkia na kichwa, mkanda ukawa kama pete. Nikahesabu mpaka kumi. Kiungo kilishika.

Nikafunga madirisha, nikatundika shuka, nikamweka Hamisi kitini. Mashine ikaanza. Mwanamisi akazunguka, akacheka, akajiziba uso. Akazunguka, akacheka, akajiziba uso. Hamisi alikuwa ameinama mbele, mikono miwili juu ya mkongojo. Mimi nilisimama nyuma yake nikilia kimyakimya, maana mimi ndiye niliyemwapia yule msichana, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifungua.

Baada ya muda chuma cha mashine kikaanza kunuka moto. Nikamgusa begani. "Kaka Hamisi, tuizime kidogo ipoe."

Hakuondoa macho kwenye shuka.

"Mwache azunguke mara moja tena, dada," akasema. "Hajachoka."